Mwenye Kuziba Masikio Hapigi Ukelele

Kila zinapozungumzwa picha za ekspreshonizimu, mtindo ule uliochipuka Ujerumani na nchi jirani mwanzoni mwa karne ya 20, wenye nyuso za kijani, mitaa iliyopinda na farasi wa buluu, hutolewa kauli moja iliyokwisha kuzoeleka. Husemwa hivi: mchoraji alijawa na hisia, hisia zikafurika, akazimwaga kwenye turubai kabla hazijapoa. Nyuso zimepotoka kwa sababu moyo wake ulikuwa umepotoka. Rangi zinawaka kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiungua. Na kwa kuwa picha ni hisia tupu, haina maana ya kutafutwa. Kila mtazamaji na aipokee kama moyo wake unavyomtuma.

Walimu huifundisha kauli hiyo, waandishi wa magazeti huirudia, na wapenzi wa picha hizi huitoa kama sifa kubwa kuliko zote. Mimi naipinga. Inawanyang'anya wachoraji hawa kazi yao, yaani fikra, mazoezi na miaka ya kujaribu na kufuta. Tena ina historia chafu, ambayo wanaoitamka kwa nia njema wangeijua, naamini wangesita.

Chukua picha inayotajwa kuliko zote. Aliyeichora, Edvard Munch wa Norwei, alikuwa mtangulizi wa mtindo huu zaidi ya kuwa mmoja wa kundi lake, lakini Ukelele, ya mwaka 1893, ndiyo inayowajia watu akilini kwanza. Waulize inaonyesha nini, watakujibu: mtu anayepiga ukelele. Itazame tena. Viganja vya yule mtu vimebana kichwa pande zote mbili, juu ya masikio. Anayepiga kelele kwa nguvu zake zote hana haja ya kuziba masikio. Anayeziba ni yule anayesikia kitu asichoweza kukivumilia.

Munch aliliandika tukio hilo mara kadhaa kuanzia mwaka 1892. Alikuwa akitembea na rafiki zake wawili jua linazama. Mbingu ikageuka nyekundu kama damu. Wenzake wakaendelea mbele, yeye akabaki amesimama anatetemeka, akahisi ukelele mkubwa unapita katika maumbile yote. Alipotengeneza chapa ya jiwe ya picha hiyo mwaka 1895, aliweka chini yake maneno ya Kijerumani yanayosema jambo hilohilo: kwamba ukelele ule ni wa maumbile. Ukishajua hivyo, mistari ya picha huanza kusomeka. Mawimbi mekundu ya angani na yale meusi ya ghuba ndiyo sauti yenyewe. Njia na ukingo wake vimenyooka kama vimepigwa rula, na wale wawili wa nyuma wamesimama wima, kwa sababu kwao hakuna kinachosikika. Mpindo umemfikia mtu mmoja tu, ukamkunja mwili kwa umbo lile lile la mbingu.

Wala mpangilio huo haukumjia kwa mkupuo. Mwaka 1892 alikuwa ameshachora mbingu hiyo, ukingo huo na marafiki hao, ila mbele alimweka mwanamume mwenye kofia, ameinama, anaonekana kwa upande. Picha ile ni ya mtu mwenye huzuni mahali penye mbingu nyekundu, basi. Mwaka uliofuata akamwondoa mwenye kofia, akamgeuza mtu atutazame, akamvua nywele, jinsia, umri na kila alama ya kumtambulisha, akampa mikono ile. Kisha akairudia picha: kwa rangi na krayoni mwaka 1893, kwa pasteli na kwa chapa mwaka 1895, na kwa tempera tena, yapata mwaka 1910. Mafuriko gani ya hisia hudumu miaka 17, yakirudi kila mara kwenye mstari ule ule?

Kwenye kona ya juu, upande wa kushoto wa picha ya 1893, pana maandishi hafifu ya penseli yanayosema kwamba ni mwendawazimu tu angeweza kuchora kitu kama hiki. Kwa miaka mingi haikujulikana kwa hakika nani aliyaandika; wengi walidhani ni mtazamaji aliyekasirika. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Norwei yaliyapiga picha kwa mwanga wa infraredi, yakayalinganisha na barua na shajara za Munch, yakatangaza kuwa mwandiko ni wake mwenyewe. Inaelekea aliyaandika baada ya maonyesho ya mwaka 1895 mjini Kristiania, Oslo ya leo, pale mwanafunzi wa udaktari, Johan Scharffenberg, aliposimama katika mjadala wa hadhara akadai kwamba picha zile zinathibitisha kuwa akili ya mchoraji si timamu. Kwa mtu ambaye dada yake alikuwa mgonjwa wa akili, na ambaye maisha yake yote aliuogopa ugonjwa huo, maneno yale yalikuwa kisu.

Sasa linganisha. Scharffenberg alisema picha ni dalili ya ugonjwa. Msifuji wa leo anasema picha ni kilio cha roho. Mmoja anatukana, mwingine anasifu, lakini kauli yao ni moja: picha ilimtoka mchoraji, hakuitengeneza. Ndiyo maana sifa hiyo hainifurahishi.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wachoraji wenyewe walisema hivyo. Mwaka 1905 wanafunzi wanne wa usanifu majengo mjini Dresden, Ernst Ludwig Kirchner, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl, waliunda kundi waliloliita Daraja, na mwaka uliofuata Kirchner akachonga ilani yao kwenye ubao. Ilani ilimkaribisha kila mtu anayetoa moja kwa moja, bila kughushi, kile kinachomsukuma kuumba. Walichora haraka, waliidharau mitihani ya vyuo vya sanaa, na walijivunia kutokuwa na walimu.

Lakini tazama walivyoipata haraka yao. Walijiwekea zoezi la robo saa: mtu anayechorwa anabadili mkao kila baada ya dakika 15, na wachoraji wote wanalazimika kuukamata mkao huo kwa mistari michache kabla haujapotea. Zoezi hilo walilirudia jioni kwa jioni. Malenga anayejibu beti papo hapo ukumbini hatoi maneno kwa sababu kifua kimemjaa tu. Anayatoa kwa sababu vina na mizani vimekaa katika ulimi wake tangu utotoni. Kasi ya Kirchner ilikuwa ya aina hiyo. Na pale ilipomfaa, aliiacha. Picha yake ya mtaa wa Dresden, ambayo sasa iko katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, aliichora mwaka 1908, akairudia kwa brashi mwaka 1919, kisha akaandika juu yake tarehe ya 1907. Mtu anayeirekebisha picha baada ya miaka 11 na kuirudisha nyuma tarehe ana hesabu zake kuhusu namna anavyotaka ionekane. Huyu huyu Kirchner alizihakiki kazi zake mwenyewe akitumia jina la mwandishi wa Kifaransa asiyekuwapo duniani, Louis de Marsalle. Waliyoyatangaza katika ilani ni jambo moja, na waliyoyafanya juu ya meza ya kazi ni jambo jingine; mimi naiamini meza.

Kuna jambo jingine la kundi la Daraja ambalo sisi wa Afrika tusilipite. Kosa ninalolipinga hapa wao wenyewe walilitenda dhidi ya wengine. Katika makumbusho ya Dresden waliziona boriti zilizochongwa za nyumba za Palau, katika Bahari ya Pasifiki, na vinyago vya Kiafrika, vya Kamerun vikiwamo, wakaviabudu kama kazi za watu wasioharibiwa na shule, watu ambao hisia zao hutiririka hadi mikononi bila kuzuiwa na fikra. Ilikuwa enzi ambayo makumbusho ya Kijerumani yalijaa vitu kutoka makoloni. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikuwa kwenye nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanzania ya leo, akikusanya. Mchonga kinyago wa Kimakonde hachongi kwa silika. Amekaa chini ya fundi, anaujua mti, anazijua sheria za sura na chale, na anajua kinyago kitavaliwa na nani na siku gani. Wajerumani wale vijana hawakuyaona hayo yote, wakaona moyo tu. Walisifu, na kwa sifa hiyo hiyo wakafuta elimu ya watu.

Wassily Kandinsky nitampitia kwa haraka, kwa kuwa habari yake inajieleza. Mtu anayesimama mbele ya Komposisheni ya Saba, kitambaa chenye upana wa mita 3 kilichopo Moscow, huona vurugu la rangi na kudhani mchoraji alipandwa na wazimu. Kandinsky aliitayarisha kwa rasimu zaidi ya 30, za penseli, za rangi za maji na za mafuta, akizungusha mada za gharika, ufufuo na siku ya hukumu hadi zikayeyuka kuwa maumbo. Kisha mwishoni mwa Novemba 1913 akaichora picha kubwa kwa siku nne tu, huku mwenzake Gabriele Münter akiipiga picha kwa kamera hatua kwa hatua. Siku nne ndizo zinazosimuliwa. Zile rasimu 30 hazitajwi.

Käthe Kollwitz ndiye anayenifanya niandike makala haya. Wapo wanaomweka pembeni mwa ekspreshonizimu, na kweli alikuwa mkubwa kwa umri kuliko vijana wa Daraja, lakini chapa zake za ubao za miaka ya 1920 haziwezi kutengwa nao. Mwaka 1914 mwanawe mdogo, Peter, mwenye umri wa miaka 18, alitaka kujitolea kwenda vitani. Kwa umri wake alihitaji ruhusa ya baba. Baba, daktari Karl Kollwitz, alikataa. Mama ndiye aliyemshawishi akubali. Peter aliuawa Ubelgiji mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Kama ipo hisia iliyostahili kufurika, ni hiyo. Mama aliyefiwa, na aliyejua kwamba neno lake lilikuwa sehemu ya kifo hicho. Na Kollwitz alikuwa mchoraji aliyekomaa, mwenye kalamu inayomtii. Angeweza kuumwaga uchungu huo kwenye karatasi usiku ule ule. Alianza kweli, mwishoni mwa 1914, kupanga sanamu ya ukumbusho. Kwanza aliwaza mwili wa Peter umelazwa, baba kichwani, mama miguuni. Akaufinyanga, akaubadili, akaona haufai. Mwaka 1919 akaacha kabisa. Miaka ya katikati ya 1920 akarudi, na mwana akatoka katika sanamu, wakabaki wazazi peke yao. Mwaka 1932, takriban miaka 18 baada ya kifo, sanamu mbili za mawe zilisimikwa katika makaburi ya askari nchini Ubelgiji, na leo ziko Vladslo. Baba amepiga magoti, mgongo wima, mikono imekumbatia kifua chake mwenyewe kana kwamba akiiachia atasambaratika. Mama ameinama. Kila mmoja yuko kwenye jiwe lake, hawagusani. Mbele yao ni makaburi ya vijana, jina la Peter likiwa miongoni mwao.

Katikati ya miaka hiyo alitengeneza mfululizo wa chapa saba aliouita Vita, uliotolewa mwaka 1923. Alikuwa amejaribu kuusema msiba huo kwa bamba la metali na kwa jiwe, njia alizozimudu vizuri, na hazikumridhisha. Mwaka 1920, katika maonyesho mjini Berlin, aliziona chapa za ubao za Ernst Barlach, akatambua kwamba njia ndiyo hiyo. Akiwa na zaidi ya miaka 50 akaanza kujifunza ufundi mpya. Ubao haumruhusu mtu kufurika. Unachokichonga ndicho kitakachobaki cheupe kwenye karatasi, kila kisichoguswa kitakuwa cheusi, na kosa halizibwi. Picha yote unaichonga kinyume, kushoto kuwe kulia. Hata hasira ikikuzidi, patasi inafuata nyuzi za mti.

Itazame chapa ya wazazi katika mfululizo huo. Baba na mama wamepiga magoti na kuwa fungu moja jeusi. Huwezi kusema nguo ya nani inaishia wapi. Nyuso hazionekani: wa baba umefunikwa kwa kiganja, wa mama umezama kwa mumewe. Kollwitz, aliyeweza kuchora uso wenye machozi kuliko karibu kila mtu wa zama zake, aliamua asituonyeshe uso hata mmoja. Huo ni uamuzi wa fikra. Kwenye jiwe aliwatenganisha wazazi, kwenye ubao aliwaunganisha, na tofauti hiyo haielezeki kwa kusema kwamba mama alihuzunika. Alihuzunika pote. Kinachobadilika ni anachokisema kuhusu msiba: kwamba watu wawili wanaweza kuanguka pamoja, na kwamba baada ya miaka mingi kila mmoja hubaki na wake.

Karatasi nyingine katika mfululizo huo inaonyesha vijana waliojitolea, wamefumba macho na kufungua vinywa, wakimfuata Mauti anayewapigia ngoma mbele. Kollwitz hakumwonyesha adui, wala bunduki. Alionyesha ulevi wa kujitoa, ule ulioingia nyumbani kwake mwenyewe. Anayesema picha hii ni huzuni tupu amepunguza shtaka likawa kilio.

Nusu ya pili ya kauli ile, kwamba mtazamaji yuko huru kuona atakacho, nayo haisimami. Mfano wangu ni Franz Marc. Watu wengi wakiona farasi wake wa buluu husema rangi hiyo ni ya majonzi. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake August Macke mwezi Desemba 1910, Marc alieleza mpango wake: buluu ni asili ya kiume, kali na ya kiroho, njano ni ya kike, pole na yenye furaha, nyekundu ni maada, nzito na katili, ambayo nyingine mbili hazina budi kupambana nayo. Unaweza kuukataa mpango huo, na mimi mgawanyo wake wa kiume na kike siukubali hata kidogo. Lakini huwezi kuusoma kama haupo. Farasi wale wa buluu hawana huzuni. Ni viumbe ambavyo Marc aliamini vilibaki na usafi ambao binadamu aliupoteza.

Au nenda Basel, Uswisi, ukaione picha yake kubwa ya mwaka 1913, Hatima ya Wanyama: miale inachana msitu, kulungu wa buluu ameinua shingo, miti inaanguka. Theluthi ya upande wa kulia imefifia na kuwa ya kahawia. Ukiambiwa utazame kwa moyo tu, utasema hapo mchoraji alionyesha uhai ukizimika, na tafsiri yako itapendeza. Ukweli ni kwamba picha iliungua mwaka 1916 ikiwa ghalani. Marc alikuwa ameshauawa vitani Verdun mwezi Machi mwaka huo, akiwa na miaka 36, na rafiki yake Paul Klee ndiye aliyeirudishia mwaka 1919 sehemu iliyoteketea, akiacha rangi imepoa ili mkono wake usijifanye mkono wa marehemu. Ile kahawia ni moto wa kweli na adabu ya rafiki. Nikiwa na uhuru wa kuona nitakacho, Klee ananipotea, na moto pia.

Hata unabii ambao watu huuona katika picha hiyo uliongezwa baadaye, na aliyeuongeza ni mchoraji mwenyewe. Akiwa vitani mwaka 1915 aliiona kwenye postikadi, akamwandikia mkewe kwa mshtuko kwamba ni kana kwamba alivitabiri vita hivi. Hakuelewa aliwezaje kuichora. Maana ya picha, basi, inaweza kukua. Inakua kwa mambo yaliyotokea, na mambo hayo yana tarehe.

Nilisema kauli hii ina historia chafu. Mwaka 1928 msanifu majengo Paul Schultze-Naumburg alichapisha kitabu ambamo nyuso kutoka picha za kisasa ziliwekwa kando ya picha za kamera za watu wenye ulemavu na maradhi. Hoja yake ilihitaji msingi mmoja tu: kwamba mchoraji hachagui, bali hutoa kilicho ndani yake, na hivyo uso uliopinda kwenye turubai ni ushahidi wa damu iliyooza. Wanazi waliuchukua msingi huo mzima mzima. Tarehe 19 Julai 1937 walifungua mjini Munich maonyesho waliyoyaita ya sanaa iliyooza, yenye kazi zipatazo 650 zilizotwaliwa kutoka makumbusho ya umma. Watu zaidi ya milioni 2 waliyatembelea huko na katika miji mingine yalikopelekwa baadaye. Katika kijitabu cha maonyesho, kazi za wachoraji ziliwekwa sambamba na kazi za wagonjwa wa akili, msomaji akiachiwa aone kwamba hazitofautiani.

Wapo watakaosema kwamba baadhi ya wachoraji hawa waliugua kweli. Ndiyo. Elfriede Lohse-Wächtler alivunjika kiafya mwaka 1929, akalazwa hospitali ya akili ya Friedrichsberg mjini Hamburg. Humo alichora takriban picha 60 za vichwa vya wagonjwa wenzake. Si picha za ndotoni mwake: ni za wanawake aliowatazama kwa makini, mmoja mmoja, kila mmoja na usingizi wake, hofu yake, namna yake ya kushika mto. Alikuwa mgonjwa na alikuwa akiona sawasawa, yote mawili kwa wakati mmoja. Madaktari wa utawala wa Nazi walimfunga kizazi kwa nguvu mwaka 1935, na tarehe 31 Julai 1940 aliuawa kwa gesi huko Pirna-Sonnenstein pamoja na wagonjwa wengine. Waliomwua walikuwa wameamua kwamba mgonjwa hana la kusema ila ugonjwa wake. Siwezi kusikia mtu akisifu "wazimu mtakatifu" wa wachoraji hawa bila kumkumbuka mwanamke huyu.

Katika maonyesho yale ya 1937 ilikuwamo picha ambayo Kirchner alijichora mwaka 1915. Amevaa sare ya kikosi cha mizinga, namba 75 begani, sigara mdomoni, macho hayana mboni. Nyuma yake amesimama mwanamke uchi. Na mkono wake wa kulia umekatwa kwenye kifundo, kigutu kibichi kimeinuliwa mbele yetu. Kirchner hakupoteza mkono. Hakufika hata mstari wa mbele. Alifunzwa mjini Halle, akavunjika kiakili, akaruhusiwa kuondoka. Anayetafuta kumbukumbu ya jeraha hataikuta. Anayetafuta hofu ataikuta, lakini hofu ya nini? Mchoraji ameuchora mkono wake uliokatwa kwa kutumia mkono huo huo uliokatwa. Hiyo ni hoja kuhusu jeshi na kazi ya kuumba, imepangwa kwa makusudi: sare ikishavaliwa, mkono haumo tena, na mwanamke nyuma yake, ambaye angekuwa anachorwa, anabaki hana wa kumchora. Wanazi waliitwaa kutoka makumbusho ya Frankfurt, wakaipa jina jipya: askari na kahaba. Kwa kumfuta Kirchner kutoka kwenye jina, picha ya mtu anayejihoji ikageuzwa kuwa tusi kwa jeshi. Walielewa vizuri kuliko wengi wetu kwamba maana haimo rangini peke yake. Hukaa pia katika kujua ni nani huyu na amefanya nini.

Emil Nolde ndiye anayeivunja kauli ile kabisa. Bahari zake zinazochafuka, maua yake, Kristo wake mwenye uso wa njano: hakuna aliyesifiwa zaidi kwa ukweli wa hisia. Wanazi walitwaa kazi zake zaidi ya 1,000 kutoka makumbusho, nyingi kuliko za msanii mwingine yeyote, na mwaka 1941 walimfukuza katika chama rasmi cha wasanii na kumzuia kuuza na kuonyesha kazi. Baada ya vita ikajengeka hadithi ya mchoraji mnyoofu aliyechora kwa siri vipicha vidogo vya rangi za maji, na riwaya maarufu ya Siegfried Lenz ya mwaka 1968 ikaipa hadithi hiyo mbawa. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: aliyechora kwa moyo mkweli kiasi hiki hawezi kuwa alisimama upande wa uovu.

Alisimama. Nolde alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1934 na hakuacha kukitumaini. Alimchongea mchoraji mwenzake, Max Pechstein, kwamba ni Myahudi, na haikuwa kweli. Mwaka 1933 aliandika mpango wa kuwahamisha Wayahudi kutoka Ujerumani. Baada ya kazi zake kutwaliwa alimwandikia Goebbels, waziri wa propaganda wa Nazi, kujitetea kwa kuonyesha utiifu wake. Hisia zake zilikuwa za kweli, bila shaka. Na chuki yake ilikuwa mojawapo ya hisia hizo. Ukiupima mchoro kwa moto wa moyo wa aliyeuchora, huna jibu kwa Nolde: ama utamsafisha kwa ajili ya bahari zake, ama utazikana bahari zake.

Mwaka 2019 jumba la Hamburger Bahnhof mjini Berlin liliziweka picha zake pamoja na barua zake na nyaraka za miaka ile, wazi, ukuta kwa ukuta. Kansela Angela Merkel, aliyekuwa na picha mbili za Nolde ofisini, aliziazimisha kwa maonyesho hayo na hakutaka zirudi. Hilo la ofisi nawaachia Wajerumani. Ninalolitaka mimi ni ule utaratibu wa ukutani, na ningependa uanze kutumika hata katika vitabu vya sanaa tunavyowapa wanafunzi wetu, ambavyo huchapisha Ukelele peke yake na chini yake neno moja, hofu. Wawekeeni na ile picha ya 1892 yenye mwanamume mwenye kofia, na maneno ya Munch kuhusu sauti iliyopita katika maumbile, kisha waulizeni kwa nini kofia iliondolewa.